Watu Wasiobonyeza Moyo

Jalal-Abad, 1 Septemba

Leo nimeanza kazi, na daftari hili nimelianza ili nisilazimike kumsimulia mtu kwa mdomo.

Shule nilimaliza Mei. Mtihani wa kuingia chuo kikuu uliniacha nje kwa alama chache, nitaurudia majira ya kuchipua. Mpaka mwisho wa Novemba nitakuwa msaidizi katika maktaba ya chuo kile kile kilichonikataa. Mkuu wa maktaba ni Zuurakan-eje (eje ni dada mkubwa, ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri), aliyekaa dawati moja na mama yangu walipokuwa wasichana. Mama alimpigia simu kutoka Yekaterinburg, Urusi, anakoshona nguo, akaniombea. Mimi nisingethubutu. Mimi hata dukani huonyesha ninachotaka kwa kidole.

"Unajua kupiga picha kwa simu?" Zuurakan-eje aliniuliza.

"Najua."

"Unajua kukaa kimya?"

"Hilo ndilo ninalolijua zaidi."

"Basi umeajiriwa."

Kazi yenyewe ni hii: kila siku napiga picha moja ya ukumbi wa kusomea, naiweka kwenye ukurasa wa maktaba mtandaoni, na chini yake naandika saa za kufungua na kufunga.

2 Septemba

Picha: mgongo wa msichana na ramani ya dunia. Nimekula samsa mbili, sambusa za tanuri.

4 Septemba

Picha: dirisha lililopasuka, jua likipita kwenye ufa.

5 Septemba

Habari mbaya. Naibu Mkuu wa chuo, Mwalimu Sheishenbek, amewaita wakuu wote wa idara. Kasema kurasa zimezidi, kila idara na wake, na hakuna anayejua zinamfaa nani. Ukurasa ambao wanafunzi wetu hawafikii nusu ya wafuasi wake utafungwa mwisho wa Novemba, na picha zake zitahamia kwenye ukurasa mkuu wa chuo.

Ukurasa mkuu naujua. Ni wanaume wenye suti nyuma ya meza ndefu iliyojaa chupa za maji.

"Ule hata wenyewe hawautazami," alisema Nurzat. Nurzat anakaa kaunta ya kuazimisha vitabu, amenizidi miaka michache, na sijawahi kumwona amenyamaza. "Wanaangalia tu kama tai imekaa sawa."

Zuurakan-eje hakucheka. Ukurasa huu aliuanzisha yeye peke yake, wakati hata watoto wake walikuwa wakimtania kwamba maktaba haina cha kupigwa picha. Alinigeukia.

"Mwenye muda hapa ni wewe, Aizirek. Nitafutie jibu moja tu. Wanaotufuata ni akina nani?"

9 Septemba

Siku nne nimewapekua wafuasi, mmoja baada ya mwingine, na macho yanauma. Nimewagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni wetu: wanafunzi na walimu ambao majina yao yamo katika orodha ya chuo. Nilitegemea wengi, nimewakuta wachache. Nurzat anasema mwanafunzi haifuati maktaba kama vile mgonjwa asivyoifuata sindano.

Fungu la pili ni majirani: maktaba za miji mingine, muuza vitabu wa mji wa Osh, duka la nguo za harusi, na bwana mmoja muuza matairi ambaye inaonekana anafuata kila kitu duniani.

Fungu la tatu ndilo kubwa, na linanitisha. Hawana nyuso. Mahali pa uso pana waridi, farasi, mlima wenye theluji, mtoto mchanga, birika la chai. Majina yao ni kama "Safari Njema" au "Mchunga Farasi" au "Mama Macho Meusi". Hawajawahi kuandika neno. Hawajawahi kubonyeza alama ya moyo hata chini ya picha moja. Nimetafuta katika orodha yote ya chuo. Hakuna mwanafunzi aitwaye Macho Meusi.

"Hao ni hewa," alisema Nurzat. "Ni wafuasi wa kununuliwa."

"Nani atununulie sisi wafuasi?"

"Pengine Zuurakan-eje ana mpenzi tajiri."

"Nimesikia," ilisema sauti nyuma ya rafu ya kamusi.

14 Septemba, Jumapili

Mama amepiga. Huwa anapiga Jumapili wakati Bibi ameshapika chai, ili tuwe wote wawili. Kauliza kama nakula, kama nimeanza kuvaa sweta, kama dirisha lile limetengenezwa. Nikasema bado. Sikumbuki kumwambia habari za dirisha, lakini mimi husahau mambo.

18 Septemba

Jambo la ajabu. Simu huonyesha kila picha imetazamwa na watu wangapi. Jana niliweka rafu mpya ya vitabu vya tiba, nzuri, imepangwa kwa rangi. Karibu hakuna aliyeitazama. Leo nimeweka wanafunzi wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Imetazamwa na watu wengi kuliko wanafunzi wote tulionao. Mioyo: mitatu. Mmoja ni wa muuza matairi.

23 Septemba

Ukumbi mtupu. Kokwa za jozi zimeiva na kila mwenye miguu yuko msituni, na wanafunzi wamekwenda na familia zao kuziokota na kuzimenya. Picha: viti.

30 Septemba

Viti.

6 Oktoba

Wamerudi, mikono yao yote myeusi. Ganda la kijani la jozi likikushika, hakuna sabuni itakayokusaidia, linatoka lenyewe likitaka. Zuurakan-eje amesimama mlangoni na bakuli la ndimu na taulo kama askari wa mpakani.

"Mikono."

"Nimeosha, eje."

"Umeosha nini? Nikikuacha hivi utaniachia vidole vyako katika kila ukurasa."

Nimepiga picha ya mikono tu: meza ndefu, vitabu vilivyofunuliwa, mikono myeusi kumi na kitu juu yake. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Imetazamwa kupita kiasi. Mioyo: minne.

8 Oktoba

Nurzat amepata mawazo.

"Wanataka wanafunzi wafike nusu? Wanafunzi hatuwezi kuwaongeza. Lakini hewa tunaweza kuitoa. Tukiwafungia wasio na nyuso, wetu wanabaki wengi. Ni kama kuchekecha mchele."

Zuurakan-eje alifikiri mpaka chai yake ikapoa. "Na kama ni watu?"

"Watu gani wasiosema wala kucheka wala kubonyeza? Hata maiti huwa na ndugu wanaobonyeza."

Zuurakan-eje akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na mafungu yangu matatu, nimeyapanga vizuri, na nilitaka sana kazi yangu imfae. Nikasema, "Nimewachunguza, eje. Hawalingani na mtu yeyote."

"Basi watoe."

11 Oktoba

Nimemaliza. Nimewafungia wote wa fungu la tatu. Ukurasa sasa ni safi, na wanafunzi wamepita nusu. Zuurakan-eje kanipa kipande kikubwa cha keki yake ya asali.

13 Oktoba

Picha ya leo ni nzuri, mvua kwenye vioo. Imetazamwa na watu wachache mno. Nilidhani simu imeharibika.

14 Oktoba

Naandika mengi leo kwa sababu sijui nitalalaje.

Zuurakan-eje alikuwa mkutanoni na Nurzat amekwenda kununua samsa, na simu ya mezani ikalia. Niliiacha ilie. Ikanyamaza, ikaanza tena. Nikaishika.

"Maktaba?" Sauti ya mwanamke, na nyuma yake kelele za masufuria.

"Ndiyo."

"Binti yangu, samahani. Nauliza tu. Mmefungwa?"

"Hapana. Tuko wazi mpaka saa kumi na mbili jioni."

"Mbona kwangu mmefungwa? Mimi niko Tyumen, huku Urusi, napikia mafundi wa ujenzi. Kila asubuhi kabla sijabandika sufuria nawatazama kwanza. Tangu Jumamosi nikifungua hakuna kitu. Nimezima simu, nimewasha, nimeipuliza. Mpwa wangu kaniambia, shangazi, umefungiwa. Nikasema haiwezekani, maktaba imfungie nani? Nimewakosea nini?"

"Unatumia jina gani, eje?"

"Mama Macho Meusi."

Akadhani simu imekatika, akaita, "Haloo? Haloo?"

"Nipo. Mwanao anasoma hapa?"

"Mwaka wa pili, ualimu."

"Anaitwa nani?"

Akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi, "Siwezi kulitaja, mwanangu. Baba mkwe alimpa jina la marehemu mama yake. Nitalitajaje mimi, mke wa nyumba ile? Tangu azaliwe namwita Macho Meusi."

Nilitaka kujificha chini ya kaunta. Bibi yangu ninayeishi naye hajawahi kulitaja jina la shemeji yake mkubwa. Mpaka leo humwita "yule mwenye kofia", na yule mwenye kofia alikufa kabla sijazaliwa. Mimi nimekulia ndani ya mambo haya, ambapo mke hataji jina la mkubwa wa upande wa mumewe. Kisha nikakaa siku nne natafuta katika orodha ya chuo jina ambalo mama mwenyewe haruhusiwi kulitamka, na nilipolikosa nikaandika: hewa.

Sijui ujasiri ulitoka wapi, lakini nilimuuliza, "Na kwa nini hujawahi kubonyeza moyo?"

Akacheka. "Hebu fikiri. Mwanangu amekaa hapo, ana afya, anasoma, na mimi nimtangaze mbele ya dunia nzima kwamba nampenda? Si ndiyo kumwitia jicho baya? Namtazama, natema mate kando mara tatu, nazima simu. Nasonga na unga wangu."

"Lakini humo kwenye picha huwa anaonekana mgongo tu."

"Mgongo wake naujua. Ile siku ya mikono je? Mkono wa kushoto wenye kalamu ya kijani, ule ni wake. Kidole gumba kina kovu, alijikata akinisaidia kumenya viazi. Niliutazama mkono ule siku nzima. Nikasema, kumbe alikwenda kwenye jozi, kumbe babu yake hakubaki peke yake msituni. Maana mwenyewe akipiga simu husema 'niko salama, mama', basi."

Zuurakan-eje aliporudi nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na machozi yakanitoka. Aliweka mkoba chini polepole.

"Wafungulie wote," alisema. "Sasa hivi. Hata wa matairi."

"Wa matairi sikumfungia."

"Basi huyo mshukuru."

Halafu alikwenda moja kwa moja katikati ya ukumbi, yeye anayemfukuza mtu akikohoa, akauliza kwa sauti, "Nani hapa mama yake anamwita Macho Meusi?"

Wasichana watatu wakasimama.

"Mwenye kalamu ya kijani."

Wawili wakakaa. Aliyebaki anaitwa Batmakan, mrefu, mpole. Alipoelezwa aligeuka kutazama kiti chake, halafu ramani, halafu mahali ambapo huwa nasimama na simu, kana kwamba mama yake alikuwa amejibanza pale.

"Ananiona? Kila siku?"

"Kila siku unayokaa upande huu."

"Na ile Alhamisi niliyolala juu ya kitabu?"

"Ameiona."

"Alisema nini?"

"Alitema mate mara tatu," nikasema, na ukumbi wote ukacheka, na mimi sikuona aibu mpaka baadaye.

15 Oktoba

Kuwafungulia hakutoshi. Waliofungiwa lazima warudi wenyewe, na wengi hawajui. Nimeandika ukurasani, Zuurakan-eje akasoma, akafuta neno moja tu: "Tuliwafungia nje bila kuwajua, na kosa ni letu. Mlango uko wazi. Kama kuna mtu unayemtafuta katika picha zetu, tuandikie faraghani mahali anapopenda kukaa. Tutajua pa kugeuzia simu."

17 Oktoba

Hakuna aliyeandika. Nurzat hata mzaha hana.

19 Oktoba, Jumapili

Mama alipiga mapema kuliko kawaida. Alizungumza na Bibi kwanza, kisha nikasikia anavuta pumzi.

"Aizirek, ile maktaba yenu ilinitoa."

"Ilikutoa wapi?"

"Kwenye picha. Lile birika ni mimi."

Nilikaa chini sakafuni. Birika la chai, la bluu, lenye kifuniko kilichofungwa kwa uzi. Ni birika letu. Lipo hapa mezani, Bibi alikuwa anamimina kwalo. Nilikuwa nimelitazama birika letu wenyewe katika simu na kulifungia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungejiona unachungwa. Wewe mtu akikutazama hata kijiko kinakudondoka." Akacheka kidogo. "Nilisema nitamwona tu mwanangu kazini, kimya kimya. Lakini toka Septemba nimeona migongo ya watoto wote wa Jalal-Abad. Wako sijauona. Hata kiwiko."

"Mimi ndiye ninayepiga, mama. Mpigaji haonekani."

"Najua. Nilichelewa kulifikiria hilo."

Bibi alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Siku moja nitakaa."

"Ukipenda," alisema Mama. "Usipopenda pia sawa. Sasa hebu niambie, wengine mmewarudisha? Maana hapa kwenye cherehani tuko sita tunaowafuata ninyi, na wote wamenuna."

"Waambie mlango uko wazi."

"Nitawaambia wao, wao watawaambia wa sokoni, wa sokoni watawaambia wa malori. Kesho jioni hata Irkutsk watakuwa wanajua."

21 Oktoba

Wamerudi. Si wote, lakini wanaingia tangu jana bila kukoma: waridi, farasi, mlima, mtoto mchanga. Na wanaandika. Faraghani, hakuna hata mmoja aliyeandika mbele ya watu.

"Wangu ana kofia ya bluu, haivui hata ndani, mwambieni aivue."

"Sisi tuko juu malishoni, mtandao tunaupata tukipanda kilima. Tukipanda huwa tunawatazama ninyi kwanza, hali ya hewa baadaye."

"Dada yangu anakaa karibu na bomba la joto. Kama hayupo hapo, ni mgonjwa. Mniambie."

"Sitafuti mtu. Nilisoma hapo zamani. Naangalia kama ile meza yenye mguu mfupi bado ipo."

Ipo. Nimempigia picha mguu wake.

23 Oktoba

Mwanafunzi mmoja, Bakyt, kaja kuniomba asionekane kabisa.

"Una tatizo na nyumbani?"

"Baba anadhani nasomea sheria."

"Unasomea nini?"

"Nyuki."

Zuurakan-eje ametoa amri: meza ya mlangoni haipigwi picha kamwe, na asiyetaka kutazamwa akae pale, hataulizwa sababu. Wamekaa watano. Wa sita ni mimi, nikishamaliza picha.

29 Oktoba

Leo nilitaka kukaa dirishani, Nurzat apige. Sikukaa.

3 Novemba

Habari zimeenea chuo kizima. Ukumbi umejaa, na sijidanganyi, wengine hawakufuata vitabu. Walikuja wamechana nywele. Mmoja alikishika kitabu juu chini. Wakauliza picha inapigwa saa ngapi, na Nurzat akawajibu kwa sauti tamu, "Hatusemi. Inaweza kuwa saa tatu asubuhi. Inaweza kuwa saa kumi na moja jioni. Mkae tu."

Wakakaa.

7 Novemba

Bado wamekaa. Mwenye kitabu juu chini amefika katikati ya kitabu. Kaniuliza kama kuna cha pili.

12 Novemba

Baridi. Nilitaka kukaa dirishani. Batmakan aliniambia, "Njoo, nimekuwekea nafasi." Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi.

19 Novemba

Zuurakan-eje anaandika jibu la Naibu Mkuu na kulifuta. Tukisema ukweli, wanafunzi hawafiki hata robo ya wafuasi, na ukurasa unafungwa. Nilimwambia tukiwatoa tena wazazi, nusu itatimia. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka ajibu hapana.

"Nikiwatoa tena," alisema, "mama yako atapanda treni kuja kunichapa. Na nitampa fimbo."

24 Novemba

Mwalimu Sheishenbek alikuja mwenyewe bila taarifa, na koti lake mwilini. Alisimama mlangoni akitafuta kiti. Hakikuwepo. Watu walikuwa wamekaa mpaka kwenye kingo za madirisha.

"Kuna mtihani?" aliuliza.

"Hakuna," alisema Zuurakan-eje.

"Kuna chakula?"

"Humu? Thubutu yao."

"Sasa wanafanya nini?"

"Wanasoma, Mwalimu. Wengine walianza kwa kujifanya, lakini kujifanya unasoma kutwa nzima kunachosha kuliko kusoma."

Hakutabasamu. "Nilitaka jibu kuhusu wafuasi. Muda umekwisha."

"Jibu analo huyu," alisema Zuurakan-eje, na akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili.

Ukumbi wote ulikuwa unasikiliza huku ukijifanya unasoma. Nilitazama vifungo vya koti lake na nikasema, "Si wanafunzi, Mwalimu. Wanafunzi hawafiki hata robo."

Nurzat alifumba macho.

"Wengi ni wazazi wao. Na kaka na dada. Wako Urusi, wako malishoni na mifugo. Hawabonyezi kitu kwa kuogopa jicho, ndiyo maana tulidhani ni hewa, tukawafungia, mimi ndiye niliyewafungia. Wanataka kuona kama mtoto amevaa sweta. Hawataki kingine. Tukihamia ukurasa mkuu watatazama nini? Kule kuna meza tu na maji."

Hayo ya meza na maji sikuyapanga, yalinitoka.

Mwalimu Sheishenbek alifungua kifungo cha juu cha koti. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Si wanafunzi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na sharti hamkulitimiza."

"Hatukulitimiza."

Akaanza kupitisha macho mezani, meza moja baada ya nyingine, taratibu. Nilidhani anahesabu hasara. Halafu akasema, kama anajisemea, "Kaka yangu yuko Irkutsk na lori. Mwanawe yuko hapa mwaka wa tatu, uhandisi. Kijana humwambia baba yake kwamba anashinda maktaba." Akafika meza ya mwisho. "Mbona simwoni?"

Sauti ikatoka nyuma ya ramani: "Nani, Ermek? Huyo hajui hata maktaba iko ghorofa ya ngapi."

Kicheko kilichofuata hakikuwahi kusikika humu ndani, na Zuurakan-eje hakukizuia. Mwalimu Sheishenbek alitoa simu mfukoni, akavaa miwani.

"Ukurasa wenu unaitwaje?"

Nikamtajia. Akaandika kwa kidole kimoja.

"Namtumia kaka yangu," alisema. "Kesho kijana atakuwepo. Mumuweke mbele." Alipofika mlangoni akageuka. "Lile sharti nitaliandika upya. Halikufikiriwa vizuri."

25 Novemba

Picha: Ermek, meza ya mbele, ana uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

27 Novemba

Barua imekuja. Ukurasa unabaki. Zuurakan-eje aliisoma, akaikunja, akaniuliza mtihani wangu ni lini.

"Mei."

"Basi kazi yako ni mpaka Mei. Ukishapiga picha, kaa usome. Na usikae mlangoni, kuna upepo."

28 Novemba

Theluji ya kwanza. Tangu asubuhi inaanguka taratibu, na dirisha lililopasuka hatimaye limewekwa kioo kipya. Nilimpa Nurzat simu kabla sijabadili mawazo.

"Wewe unaumwa?" aliuliza.

"Piga tu."

Nikaenda kukaa karibu na Batmakan, nikafungua kitabu cha historia, nikaegemeza kichwa mkononi. Sikuutazama uso wa Nurzat. Nilisoma sentensi moja mara tano. Halafu nikasoma ya pili.

30 Novemba, Jumapili

Mama alipiga Bibi alipokuwa anamimina chai kutoka kwenye birika la bluu. Nilingoja aseme kitu kuhusu picha. Akauliza kama nakula. Akauliza kama theluji imeshika. Akamwuliza Bibi habari za magoti. Nikafikiri labda hakuiona, labda zamu zake zilikuwa ndefu, na nikaanza kujiambia kwamba si kitu.

Karibu na mwisho akasema, "Hiyo sweta ya kijivu."

"Ndiyo, mama."

"Kiwiko cha kulia kimetoboka."

Bibi alicheka mpaka akaweka birika chini. Mama akasema atatuma nyingine kwa basi la Ijumaa, na tusitoe kiwiko nje na baridi hii, na kwaheri, cherehani inamngoja. Kabla hajakata nilisikia, mbali kidogo na simu, anatema mate mara tatu.

Bibi ameniletea sindano na uzi wa kijivu. Nimemwambia asubiri kwanza. Kesho nakaa tena dirishani, upande ule ule.